Mwalimu Dancille na Chui wa Detroit

Siku mzungu wa shirika fulani alipokuja kutazama mabati mapya ya shule yetu, alimsalimia Mwalimu Dancille kwa Kiingereza na kumuuliza shule inaendeleaje. Dancille alikaza kitenge chake kiunoni, akamjibu kwa Kiingereza safi kwamba tuko mzunguko wa tisa, wawili wameshatolewa, na kwenye vituo hakuna mtu. Mzungu akaandika kitu katika daftari lake. Wiki tatu baadaye tuliletewa magodoro kumi na mawili. Mpaka leo hatujui aliandika nini.

Dancille hakuwa na Kiingereza kingine. Alichokijua chote alikitoa katika kitabu kimoja, na kitabu chenyewe kilihusu mchezo ambao hakuna mtu wa Masisi, wilaya yetu ya mashariki ya Kongo, aliyewahi kuuona.

Mimi ni Byamungu. Nilifundisha darasa la tano katika shule ya kilima chetu, Nyamitaba, yeye la sita, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao wenye matundu. Kwa miaka kumi na minne nilisikia kila alichowaambia watoto, pamoja na yale ambayo hayakuwa kwenye programu. Kwa hiyo ninayosimulia hapa mengi niliyaona au niliyasikia kwenye matundu hayo.

Jina lake kamili ni Dancille Nyiransengimana. Alizaliwa mtoto wa saba katika nyumba ya wakulima wa maharage. Baba yake alimpeleka shule kwa sababu, alivyosema mwenyewe, mikono yake ilikuwa mibaya kwa jembe na mdomo wake mbaya kwa ndoa. Ndoa ilipatikana hata hivyo. Damascène, mwenye ng'ombe sita na maneno machache, alimuoa, na walioalikwa walikubaliana kwamba kwa upande wa maneno wale wawili walikamilishana. Walizaa binti mmoja, Astrid, aliyeolewa Goma.

Kitabu alikipata mwaka wa vita ya kwanza. Muuguzi mmoja wa Kimarekani aliyekuwa kwenye zahanati alipewa saa moja kufunga mizigo, akawaambia watu wachukue watakacho. Watu walichukua sufuria, mapazia, kitanda, mpaka kitasa cha mlango. Dancille alichelewa kwa sababu alikuwa anasahihisha imla. Alipofika akakuta kumebaki meza ya hadubini, ambayo mguu wake mmoja mfupi ulikuwa umeegemezwa juu ya kitabu kinene kisicho na jalada. Akachukua kitabu. Meza imeinama tangu siku ile.

Alikisoma kwa kamusi, neno kwa neno, kwa miaka. Mara ya kwanza alidhani ni kitabu cha dini, maana kila ukurasa ulikuwa na sadaka, makosa na kurudi nyumbani. Mara ya pili akaelewa kwamba ni habari za mchezo wa Wamarekani, ule wa gongo na mpira mdogo, jinsi ulivyochezwa na wale wanaolipwa kuucheza, katika miaka ya sitini, wakati Wamarekani walikuwa wanagombana nyumbani kwao juu ya vita, juu ya rangi ya ngozi na juu ya urefu wa nywele. Mara ya tatu na ya nne alikisoma kwa sababu alikipenda.

Mambo yalianza mwaka wa 2019, antena ya simu ilipokufa. Miezi mitano hakuna mtandao, hakuna habari ya timu yoyote ya mpira wa miguu. Radio yetu ndogo, iliyokuwa na chumba kimoja nyuma ya kanisa, ilikuwa na kipindi cha michezo kila Jumamosi saa kumi na moja jioni. Mtangazaji wake, Straton, alijaribu kwa wiki mbili kusoma matokeo ya kubuni, watu wakamgundua, na alipopata fununu kwamba mgodi wa Bisie unatafuta wafanyakazi akaona afadhali msitu. Papa Élie, mkubwa wa radio, akabaki na nusu saa tupu. Akaijaza kwa matangazo ya ng'ombe waliopotea. Ng'ombe wakaisha kabla ya nusu saa.

Dancille akamwendea na kumwambia yeye ana michezo. Papa Élie akauliza michezo gani. Akamwambia asikilize tu.

Jumamosi ya kwanza alieleza kanuni, na nakiri kwamba sijawahi kumsikia mtu akieleza jambo gumu kwa wepesi namna ile. Alisema hivi: kuna mrushaji, amesimama juu ya kilima kidogo, na mwenye kilima njo mwenye nguvu. Hapo tu watu wote wa Masisi walikuwa wameelewa nusu ya mchezo. Kisha kuna mpigaji mwenye gongo. Akiupiga mpira vizuri anatoka nyumbani, anakimbia, anapita vituo vitatu, na akifaulu kurudi nyumbani bila kukamatwa anahesabiwa pointi moja. Akibaki njiani hahesabiwi.

Jirani yangu, mama mmoja aliyekuwa amekimbia mara nne na kurudi mara nne, alisema kwamba kwa hesabu hiyo yeye ni bingwa.

Basi Dancille akaanza msimu wa 1968, isipokuwa mwaka hakuutaja. Hakudanganya. Alisoma alichokiona ukurasani, akakigeuza Kiswahili chetu, akaongeza sauti. Timu mbili alizozichagua zilikuwa za St. Louis, aliyoiita Ndege Wekundu, na ya Detroit, aliyoiita Chui. Kamusi ilikuwa imemwambia ni chui mwenye mistari. Mistari akaifuta, akisema inatosha kuwachanganya watu kwa mambo mengine.

Ndani ya mwezi mmoja kilima chetu kilikuwa kimegawanyika. Watu wa juu, upande wa shule, walikuwa Chui. Watu wa chini, upande wa soko, walikuwa Ndege Wekundu, na waliringa sana kwa sababu ya mrushaji wao mweusi mwenye uso mkali, ambaye baadaye, siku moja ya fainali, aliwaondoa wapigaji kumi na saba peke yake. Kwenye posa ya binti wa Mzee Nizeyimana, wazee wa upande wa mume waliulizwa timu kabla ya kuulizwa ukoo. Damascène alikuwa wa Ndege. Nilidhani atakuwa upande wa mke wake, lakini Dancille alikuwa amekataa katakata kusema yeye ni wa nani, kwa hiyo mzee alijichagulia.

Msidhani ilikuwa gongo na mpira tu. Kitabu kilikuwa na mambo ya nchi ndani yake, naye hakuyaruka. Alieleza kwamba mwanzoni mwa miaka ile, timu zilipokwenda kusini kufanya mazoezi, wachezaji weusi walikatazwa kulala hoteli moja na wenzao weupe. Lakini watu wetu swali lao la kwanza halikuwa rangi. Walitaka kujua ni nani aliyefika wa kwanza kwenye ile ardhi. Dancille akajibu hewani, Jumamosi iliyofuata, kwamba weupe na weusi wote walikuta wenyeji, na kwamba wenyeji sasa wamebaki kwenye majina ya timu. Hakuna aliyeomba ufafanuzi.

Alieleza pia kwamba mwaka ule mchungaji mmoja mweusi alipigwa risasi akiwa amesimama kwenye baraza ya hoteli, siku chache kabla ya msimu kufunguliwa, na wachezaji wakasema hawachezi kabla hajazikwa. Mechi zikangoja. Na alieleza habari za Detroit yenyewe, jinsi mwaka mmoja kabla mji ulivyowaka moto na askari wakaingia, na mchezaji mmoja wa Chui, mtoto wa mji ule, akatoka uwanjani na nguo zake za mchezo, akapanda juu ya gari katikati ya moshi na kuwaomba watu warudi nyumbani. Mjadala wetu ulikuwa mkali. Wengine walisema ni shujaa. Wengine walisema mtu anayepanda juu ya gari risasi zikilia hana mama. Nilipomuuliza Dancille kama watu walimsikiliza yule mchezaji, aliniambia hapana, waliendelea kuchoma. Hilo hewani hakulisema.

Tulifika kwenye fainali mwezi wa kumi na moja. Fainali yao ni mechi saba. Anayeshinda nne kwanza ndiye mshindi. Ndege wakaongoza tatu kwa moja. Watu wa soko wakaacha kutusalimia. Kisha Chui wakashinda ya tano, wakashinda ya sita kwa pointi kumi na tatu kwa moja, na ikabaki ya saba.

Ndipo Fifi akarudi kutoka Goma.

Fifi aliuza nguo za mitumba, na alikuwa na simu nzuri. Goma mtandao ulikuwepo. Aliingia kutafuta picha za Ndege Wekundu ili ajue fulana zao zikoje, maana alishaona biashara ndani yake, na alichokiona kikamfanya acheke peke yake barabarani. Siku ya soko alisimama kwenye mzigo wake akatangaza kwamba Mwalimu Dancille amekuwa akitusomea mechi za mwaka wa soixante-huit, 1968. Wachezaji tuliokuwa tunawaombea kanisani walikuwa vizee, na wengine walishakufa.

Pasta akaitisha mkutano uani mwa kanisa. Watu walikuja na hasira na wengi walikuja na fimbo, ingawa kwetu fimbo haina maana yoyote, kila mtu anayo. Mkurugenzi wa shule yetu, Nshimiyimana, mtu anayevaa tai hata akienda kuchunga mvua isiingie ofisini, ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa Ndege Mwekundu wa damu. Alisema mwalimu amedanganya umma.

Dancille alisimama na kumuuliza kama kuna siku yeye au mtu mwingine yeyote alimuuliza mwaka. 

Pasta akasema kwamba hata hivyo, kuwasomea watu jambo lililokwisha zamani na kuwafanya walie kama linatendeka leo, si vizuri.

"Pasta," Dancille akasema, "kila mwaka Ijumaa Kuu unatutoa machozi. Ile mechi nayo ilichezwa lini?"

 Mama mmoja wa kwaya akacheka, akajifunika mdomo na kitambaa, na baada yake tukaanguka wote. Pasta alitazama viatu vyake. Baadaye aliniambia alikuwa anatafuta jibu, na kwamba bado analitafuta.

Lakini jambo lililoniacha hoi lilikuwa la Fifi. Alipoona mkutano umemponyoka, alipaza sauti kwamba yeye anajua hata nani alishinda ya saba. Watu wote wakamgeukia. Mzee Nizeyimana akamwonyesha fimbo na kumwambia taratibu kwamba mwaka ametaja, inatosha. Score akiitaja, Nyamitaba hatauza hata soksi. Watu waliokuja kumhukumu Dancille kwa mechi za zamani wakawa wanaziba masikio ili wasijue zilivyokwisha. Fifi akarudisha simu mfukoni. Papa Élie akasema Jumamosi kipindi kiko kama kawaida.

Sikumbuki Jumamosi nyingine yenye kimya kama ile. Nilikuwa kwa Damascène, watu kama thelathini tumekaa kwenye majani mbele ya radio yake. Mizunguko sita kati ya tisa hakuna aliyepata kitu. Katika wa saba, wawili wa Ndege... samahani, wawili wa Chui wakafika kwenye vituo, na mpigaji akaupiga mpira mbali, katikati ya uwanja. Pale katikati alisimama mchezaji mweusi wa Ndege, mwembamba, ambaye Dancille alikuwa ametusifia miezi yote kwamba mpira ukienda kwake ni kama umeingia mfukoni. Yule mtu akaanza kuja mbele. Kisha akajua amekosea, akageuka, mguu ukateleza. Mpira ukapita juu yake. Wawili wakarudi nyumbani, na Chui wakashinda kwa nne kwa moja.

Damascène alisimama, akazima radio yake mwenyewe, akaenda kwa ng'ombe wake. Siku mbili alikula maharage akiwa amempa mke wake mgongo, kana kwamba ni yeye aliyeteleza.

Wiki nzima watu wa soko walimtukana yule mchezaji. Walisema amerogwa, wakasema amehongwa, na watoto wakaanza kumwita kwa jina lake yeyote aliyevunja chupa. Dancille aliyasikia, na nilimwona amekasirika kweli, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Aliniambia ukutani, kupitia tundu: "Hawajue bado yule muntu alifanya nini."

Jumamosi iliyofuata akawaambia. Mwaka mmoja baada ya mechi ile, wenye timu ya Ndege walimwuza yule mchezaji kwa timu ya mji mwingine. Alikuwa amewachezea miaka kumi na miwili. Alikuwa na nyumba pale, kazi pale, marafiki pale. Hakuulizwa. Sheria ya mchezo wao ilisema mchezaji ni wa timu mpaka timu yenyewe imchoke. Wengine wote waliouzwa walifunga mizigo na kwenda. Yeye akaandika barua kwa mkubwa wa mchezo wote, akasema yeye ni mtu, si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kutaka. Kisha akawapeleka mahakamani. Wenzake wakaogopa kuonekana naye.

Damascène alikuwa anafunga ndama. Alisema bila kugeuka kwamba yeye sasa amemsamehe yule muntu.

Jumatatu yake, wakati wa mapumziko, walimu tulikuwa tumekaa kwenye jua. Sote tulikuwa tumewaza jambo moja. Katika kazi yetu barua ya uhamisho inakuja hivyo hivyo. Mwalimu anaamka ana darasa, shamba na mtoto shule. Jioni ana karatasi yenye mihuri minne inayomwambia Jumatatu awe kilima kingine. Na kwa kuwa barua hizo hupendekezwa na mkurugenzi wa shule, kila mmoja wetu alijikuta anatazama dirisha la ofisi ya Nshimiyimana. Naye alikuwa dirishani, anatutazama.

Barua ya Dancille ilikuja mwezi wa pili. Alipelekwa shule moja katika Walikale, ndani ya msitu, siku nne kwa pikipiki na kwa miguu. Alikuwa na miaka hamsini na saba na goti linalolia. Nshimiyimana aliileta mwenyewe nyumbani, amevaa tai, akaomba asaini kwamba ameipokea. Dancille alikuwa shambani. Damascène akaichukua, akaisoma yote, mihuri na kila kitu, akaikunja na kumrudishia.

"Papa Directeur," akasema, "mimi nauzaka ng'ombe. Na hata ng'ombe, naambiaka kwanza."

Nadhani hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa nje ya nyumba yake.

Dancille aliandika jibu. Alinisomea kabla ya kulipeleka. Lilikuwa la nusu ukurasa, la Kifaransa kizuri, na alisema ndani yake kwamba hakatai kazi, anakataa kubebwa kama dawati, na kwamba akitakiwa Walikale aulizwe na aelezwe sababu. Aliweka sahihi kubwa. Kisha akaendelea kuja shuleni kila asubuhi, akafundisha, na Nshimiyimana akawa anapita darasani kwake kama anapita kaburini, haoni mtu.

Wiki ya tatu akafika mwalimu wa kuchukua nafasi yake.

Tulitegemea adui. Akashuka msichana wa miaka ishirini na sita, Shekinah, tope mpaka masikioni, amebeba godoro kichwani na kuku mmoja mkononi ambaye alikuwa amekufa siku ya pili ya safari na yeye hakuwa na moyo wa kumtupa. Alitoka shule ile ile aliyopelekwa Dancille. Naye aliandikiwa barua, naye hakuulizwa. Alikuwa amemwacha mama yake mgonjwa wa mguu, na shamba la mihogo lililoiva.

Hakuna aliyekuwa amemtafutia pa kulala, kwa hiyo alilala kwa yule aliyetumwa kumng'oa. Dancille alimpa viazi na maziwa. Asubuhi akampa viazi na maziwa. Siku ya tatu Shekinah aliuliza kwa heshima kama hapa watu wanazaliwa au wanachimbuliwa. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, amevaa makoti mawili ya Damascène, na akiwaza mawese ya kwao macho yalimjaa maji.

Jioni moja nilikuwepo. Dancille alikuwa anamweleza Shekinah mpango wake: wataandika barua mbili, watakwenda Masisi mjini, ofisi ya elimu, na ikibidi watakwenda mahakamani Goma, kama yule mchezaji. Shekinah alisikiliza mpaka mwisho, mikono motoni.

"Na yule muntu wako, Mama, alishinda?"

"Hapana," Dancille akasema. "Alishindwa. Majaji watano kwa watatu."

"Njo hivyo basi." Shekinah akasogeza mikono karibu zaidi na moto. "Mama, ile ofisi haitake watu. Inataka majina. Tuwaachie majina."

Mpango wake ulikuwa rahisi kuliko sala. Yeye atarudi kwa mama yake na kufundisha darasa lake lile lile msituni, akiitwa Dancille. Dancille atabaki darasani kwake, akiitwa Shekinah. Kwenye karatasi wote wawili watakuwa wamehamishwa. Kwenye ardhi hakuna atakayekuwa amesogea.

Mimi nilicheka mpaka nikakohoa. Dancille hakucheka. Alisema hapana, akatoka nje. Kwa siku mbili alikuwa na uso mbaya, na nilipomsogelea tunduni aliniambia kilichomuuma: yule mchezaji aliweka jina lake chini ya barua, jina lake mwenyewe, na akalipia. Na yeye sasa anaombwa aokoke kwa kulificha lake.  Nilimwambia tu kwamba yule mchezaji hakuwa na msichana wa watu anayekohoa nyumbani kwake ndani ya makoti mawili.

Siku ya tatu alimfungia Shekinah jibini mbili na maharage, akamsindikiza mpaka kwenye pikipiki, akampa pia cheti chake cha ualimu, kile cha asili, kilichoanza kuliwa na mende. Shekinah akampa chake. Nshimiyimana aliona kila kitu akiwa dirishani. Lakini yeye alichotaka ni ripoti inayosema mwalimu Dancille ameondoka na mwalimu Shekinah amefika, na ripoti hiyo sasa ilikuwa kweli kabisa, kwa karatasi. Aliisaini kwa furaha. Aliyeshinda ni nani, mjipimie.

Watoto walizoea kwa siku moja. Kwa watoto alikuwa Mwalimu, basi.

Hofu ilikuja mwaka uliofuata, mwezi wa tano, mkaguzi alipofika kutoka Masisi mjini. Mtu mnene, mpole, aliyepandisha kilima chetu akisimama kila hatua ishirini kama anatazama mandhari. Alikaa ofisini, akafungua orodha, akaanza kuita majina, na walimu tukawa tunasimama mmoja mmoja. Nshimiyimana alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye tai.

Mkaguzi akaita Shekinah. Dancille akasimama, mvi zake zikiwa wazi, kwa sababu siku ile kwa ukaidi hakufunga kilemba.

Mkaguzi alitazama orodha. Akamtazama yeye. Akaitazama orodha tena.

"Uko na miaka ngapi, Mwalimu Shekinah?"

"Vingt-sept. Ishirini na saba."

Aliposikia sauti ile, mkaguzi aliweka kalamu chini. Kumbe radio yetu ilifika mpaka kwake Masisi, na kila Jumamosi saa kumi na moja alikuwa anajifungia chumbani na kuwaambia wenzake wa kazi kwamba anaomba. Alimtazama Dancille jinsi watu wanavyomtazama mtu waliyemjua kwa masikio tu, wanaposhangaa kwamba ana pua.

Mwisho akachukua kalamu na kuandika, huku anasema kwa sauti, polepole, ili Nshimiyimana naye asikie: mwalimu yupo, hali yake nzuri, baridi ya Nyamitaba imemzeesha kidogo.

Akapiga mhuri. Alipokuwa anafunga mfuko wake akauliza, bila kumtazama mtu yeyote: "Yule muchezaji mwenye alikataa kuuzwa. Tuliondokewa na courant siku ile, radio ikazimika, sikusikia mwisho. Alishinda kesi?"

"Alishindwa," Dancille akasema. "Watano kwa watatu. Hakucheza tena vizuri, akaenda kuishi mbali. Miaka michache baadaye wengine walileta kesi ingine, ile sheria ikavunjika."

Mkaguzi alitia mfuko wake begani.

"Watatu haiko mbaya," akasema, akaanza kushuka kilima.

Miaka imepita. Antena ilitengenezwa, mpira wa miguu ukarudi, na Papa Élie alijaribu kumwondoa Dancille hewani. Watu wa juu na wa soko, ambao hawajawahi kukubaliana juu ya kisima, walikwenda pamoja kumwona. Sasa mpira wa miguu una robo saa na yeye ana robo saa. Vita ya karibuni ilitufukuza, tukakaa miezi kambini upande wa Sake, karibu na Mubambiro, tukarudi tena. Nshimiyimana alipata barua ya uhamisho. Alikwenda, na tai yake.

Shekinah hupiga simu mtandao ukiwepo. Mama yake anatembea, yeye mwenyewe ana mtoto, na wazazi wa watoto kule wanamwita Mama Dancille bila kujua kwa nini anacheka. Walipiga hesabu wote wawili mwaka jana. Mwalimu Dancille wa kwenye karatasi anakaribia kustaafu, kwa hiyo Shekinah, miezi ishirini ijayo, ataitwa ofisini kushukuriwa kwa miaka yake mingi ya kazi, akiwa na miaka thelathini na nne. Dancille wa Nyamitaba, kwa orodha ile ile, amebakiza zaidi ya miaka thelathini darasani. Nilimwuliza kama hilo halimtishi, na goti lile. Alikuwa anasahihisha imla. Alisema afadhali, maana darasa la mwaka huu linaandika vibaya sana na litahitaji muda.